Kaza Kamba, Kaza Mwendo: Neno la Uthabiti

Pale Mwaloni Kirumba, jijini Mwanza, neno "kaza" lina kazi mbili. Mtumbwi ukifika mwaloni, mtu huambiwa akaze kamba, chombo kisije kikachukuliwa na mawimbi. Punde mpagazi mwenye gunia la dagaa kichwani huambiwa akaze mwendo, gari linaondoka. Kaza ya kwanza ni ya kubaki, ya pili ni ya kwenda mbio. Hata hivyo hakuna anayechanganyikiwa, kwani kiini chake ni kimoja: kutolegea.

Kiingereza nacho kilipita njia hiyohiyo. Wanafunzi wetu hulijua "fast" kwa maana ya kasi, kisha wanakutana na "steadfast" na kudhani lina harufu ya mbio. Halina. Katika Kiingereza cha kale "fæst" lilimaanisha kilichokazwa, kisichong'oka. Maana ya kasi ilizaliwa baadaye, kutokana na wazo la kufanya jambo kwa nguvu bila kulegea, kama ilivyo kwa mpagazi wetu. Hata saumu huitwa "fast", kwa sababu mtu ameshika sharti lake. Nasi tunasema amefunga, kana kwamba sharti ni kamba.

Nusu ya kwanza ya "steadfast", yaani "stede", ilimaanisha mahali. Kwa hiyo "steadfast" ni aliyekazwa mahali pake. Neno hilo limo katika shairi la kale kuhusu vita vya Maldon, mashariki mwa Uingereza, mwaka 991. Linawaeleza askari waliosimama imara mbele ya maharamia waliotoka ng'ambo ya bahari. Kiongozi wa askari hao aliuawa, nao wakashindwa vita, lakini sifa ilibaki nao, kwa kuwa haikutegemea ushindi.

Je, sisi tuna neno gani? Tunayo mengi, na hayalingani. "Thabiti" limetoka Kiarabu, katika mzizi unaobeba maana ya kutulia na kutobadilika. Ndugu yake ni "thibitisha". Kilicho thabiti, basi, kina ujamaa na kilichohakikishwa. "Imara" nalo ni la Kiarabu, na hutufaa zaidi tunapozungumzia uzima wa kitu: ukuta, nguzo, ndoa, afya.

"Msimamo" ni la Kibantu, na umbo lake linastahili kutazamwa kwa makini. Limetokana na "simama", na kiishio "-ama" hujitokeza katika vitenzi vingi vya mtu au kitu kukaa katika hali fulani: inama, chutama, kwama, tuama, angama. Wenzake wenye "-ika" hueleza kukiweka kitu katika hali hiyo: angika nguo, nayo itaangama; simika nguzo, nayo itasimama. Ndiyo maana viongozi nao husimikwa. Septemba 2021, huko Kisesa wilayani Magu, mkoani Mwanza, machifu walimsimika Rais Samia Suluhu Hassan na kumpa jina la Hangaya. Kusimikwa ni tendo la wengine juu yako, la siku moja. Kubaki umesimama ni kazi yako ya kila siku.

Hapo ndipo mwamba wa Bismarck, uliomo katika Ziwa Victoria hapo Mwanza, unapotusaidia. Wajerumani waliupa jina la kansela wao, Otto von Bismarck. Matale yale yamebebana juu ya maji kana kwamba yataanguka kesho, ilhali mawe ya Mwanza yana umri wa zaidi ya miaka bilioni 2. Ziwa lenyewe ni mtoto mbele yake: miaka 15,000 hivi iliyopita lilikuwa limekauka, likajaa tena. Mwamba huo tutauita imara, na kuuita thabiti pia hatukosei. Lakini nani amewahi kusema mwamba una msimamo? Hatusemi, maana jiwe halikuchagua kukaa hapo, wala halijawahi kushawishiwa liondoke. Msimamo ni wa mwenye miguu, anayeweza kuondoka na asiondoke.

Hata hivyo msimamo peke yake hautoshi kufasiri "steadfast". Mtu anaweza kuwa na msimamo leo na mwingine kesho; magazeti yetu yamejaa wa namna hiyo. Jibu wazungumzaji wa Kiswahili walikwisha kulipata bila kuombwa na mtaalamu yeyote: msimamo thabiti. La kwanza linashika mahali, la pili linakaza. Kiingereza kiliunganisha mizizi miwili ya nyumbani kikapata neno moja. Kiswahili kimeweka la Kibantu na la Kiarabu bega kwa bega, nayo maana ikakamilika. Mfasiri akikuletea "steadfast", mpe hayo mawili, wala asiyatenganishe.