Ngara: vilima ambavyo lami huvipita tu

Barabara inayotoka Lusahunga, wilayani Biharamulo, hadi Rusumo mpakani na Rwanda humpitisha msafiri katikati ya vilima bila kumpa sababu ya kusimama. Dereva wa lori anawaza foleni ya mpakani, abiria wanasinzia. Lakini anayeshuka Benaco, wilayani Ngara, akaiacha lami na kuyapita mashamba ya migomba, hujikuta kwenye mteremko wa nyasi usio na njia.

Njia za ng'ombe zipo. Ni nyembamba, hukata mteremko kwa ulalo kisha zikapotelea kwenye mawe. Ng'ombe hana haja na kilele. Anatafuta majani na maji, kwa hiyo anayemfuata huishia bondeni kwenye mafunjo, miguu imelowa chapachapa. Ni heri kupanda moja kwa moja hadi mgongo wa kilima na kuushika huohuo. Huko juu nyasi ni fupi, upepo unapuliza, na mabonde yanaonekana pande zote mbili.

Wapelelezi John Hanning Speke na James Grant walipita pande hizi mwaka 1861, katika nchi waliyoiita Usui, iliyotawaliwa na Suwarora. Vilima havikuwasumbua sana. Kilichowachelewesha ni hongo, yaani ushuru wa kupita, na mazungumzo marefu juu ya hongo.

Msafara mkubwa kuliko wote ulikuja Aprili 1994. Wakimbizi wa Rwanda wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya takriban saa 24, na kambi ya Benaco ikatanda juu ya vilima. Watu wote hao walipika kwa kuni. Upara wa baadhi ya miteremko ya karibu, basi, haukuletwa na maumbile peke yake.

Masika si wakati wa kwenda: nyasi ndefu huficha mawe na mashimo. Kiangazi, zikishachomwa, mguu unaona unapokanyaga, ingawa moshi huziba mandhari. Upande wa Kabanga mpaka na Burundi unapita nchi kavu, na mtembeaji anaweza kuuvuka bila kujua. Upande wa Biharamulo ipo Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyotangazwa mwaka 2019. Humo haingii mtu bila kibali.

Anayetaka kupanda aanzie ofisi ya kijiji, ajitambulishe, kisha aombe mchungaji wa hapohapo amwongoze. Malipo yapatanwe kabla ya kupanda.