Seli Nyota: Mfumaji wa Makovu ya Ini

Je, wajua kwamba ndani ya ini lako kuna seli zenye umbo la nyota, zilizojaa matone ya mafuta, ambazo zikimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno hung'aa kibuluu-kijani kwa muda mfupi kisha zikafifia? Katika kila seli 100 za ini, nyota hizi ni kati ya 5 na 8 tu. Lakini ini linapojaa makovu hadi likasinyaa na kuwa gumu, makovu hayo kwa sehemu kubwa yamefumwa na seli hizi hizi.

Aliyeziona kwanza ni Carl von Kupffer, mwaka 1876, nchini Ujerumani. Alikuwa akitafuta neva ndani ya ini. Alipotia vipande vya ini kloridi ya dhahabu, zikajitokeza nyota nyeusi. Miaka 22 baadaye akabadili mawazo, akazichanganya na seli nyingine kabisa, zile zinazokaa ukutani mwa vishipa vya damu na kumeza vijidudu na takataka. Jina lake likabaki kwa hao wameza takataka, na nyota zikasahaulika. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Toshio Ito wa Japani aliziona upya, akazieleza kama seli za kuhifadhi mafuta, bila watu kutambua kwamba ni zile zile za Kupffer. Ni Mjapani mwenzake, Kenjiro Wake, aliyerudia jaribio la dhahabu na mwaka 1971 akathibitisha kuwa nyota za Kupffer na seli za Ito ni kitu kimoja, na kwamba ndani ya mafuta yale mna vitamini A. Namheshimu sana Wake kwa hilo. Ilihitaji subira kurudi kwenye jaribio lenye umri wa miaka 95 na kuliuliza upya.

Ini likiwa zima, kazi ya seli nyota ni kuwa ghala. Zaidi ya nusu ya vitamini A yote mwilini hukaa humo. Dubu wa ncha ya kaskazini, anayekula sili kwa wingi, hujaza ghala hilo kupita kiasi. Wasafiri wa nchi za barafu waliokula ini lake waliugua vibaya, na mwaka 1943 watafiti Rodahl na Moore walionyesha kwamba sumu yenyewe ilikuwa vitamini A.

Sasa tazama seli nyota inapokaa. Kati ya kishipa cha damu na seli kuu za ini, zile zinazosafisha damu na kutengeneza nyongo, kuna mwanya mwembamba sana. Seli nyota imejibanza humo, imenyoosha mikono yake kuzunguka kishipa. Virusi vya homa ya ini B, au pombe, au mafuta yaliyorundikana, vikijeruhi seli kuu, zile zinazokufa hutoa kemikali za kuashiria hatari, na seli za kinga huongeza nyingine. Nyota husikia. Humwaga vitamini yake, hurefuka, huzaana, huota nyuzi za kujikaza kama za msuli, kisha huanza kufuma kolajeni, protini ngumu ya makovu.

Kwa jeraha la siku chache, huo ni msaada mkubwa: kovu hushikilia nyama wakati seli kuu zikizaliana upya, halafu huondolewa. Shida ni kwamba homa ya ini B huweza kukaa mwilini miaka 20 au 30, na nyota haipati siku ya kupumzika. Kolajeni huziba ule mwanya. Nyota nazo hujikaza na kubana vishipa, hata damu itokayo utumboni ikakosa njia. Ndipo mishipa ya umio huvimba na kupasuka, mgonjwa akatapika damu, tumbo likajaa maji. Huku kwetu wengi wakiona tumbo la namna hiyo husema mtu karogwa, na miezi ya kutibiwa hupotea. Kando ya Ziwa Victoria kuna sababu nyingine: mayai ya kichocho cha tumbo hunasa kwenye vishipa vya ini, na kovu hufumwa kuyazunguka.

Kwa muda mrefu wanasayansi walidhani kolajeni hutoka kwenye seli kuu. Mwaka 1985 Scott Friedman na wenzake huko San Francisco walitumia mafuta ya nyota kama mtego: kwa kuwa seli zenye mafuta ni nyepesi, huelea, hivyo wakazitenga na nyingine za ini la panya. Zilizotoa kolajeni nyingi zaidi zilikuwa nyota.

Kovu la ini huweza kuondoka. Madaktari wengi walifundishwa kwamba ini lililosinyaa halirudi nyuma. Mwaka 2013 yakachapishwa matokeo ya wagonjwa 348 wa homa ya ini B waliotumia tenofovir, dawa ambayo pia hutumiwa na wanaoishi na VVU. Vipande vya ini vilichukuliwa mwanzoni na tena baada ya miaka 5. Kati ya 96 waliokuwa na ini lililosinyaa, 71 hawakuwa nalo tena. Dawa haikugusa kovu. Ilizuia virusi kuzaliana, na mwili ukafanya yaliyobaki.

Mwili hufanyaje? Katika panya, sababu ya jeraha ikiondolewa, baadhi ya nyota hujiua. Mwaka 2012 ilionekana kwamba karibu nusu hazifi. Hurudi kwenye utulivu, ingawa si kama zamani. Jeraha la pili likija, huamka haraka kuliko nyota ambazo hazijawahi kuamshwa.

Kwa hiyo wapo wanaotaka kuifikia nyota yenyewe. Mwaka 2008 watafiti wa Sapporo, Japani, walifunga dawa ya kuzuia ufumaji wa kolajeni ndani ya vipovu vya mafuta, wakavipaka vitamini A. Nyota zilivimeza, na makovu ya panya yakapungua. Majaribio kwa binadamu yamefuata.