Matundu mawili yanayopanga bei ya gari la paa la turubai

MKULIMA anayeanika mahindi juu ya turubai anajua jambo ambalo wenye magari ya kifahari huko Ulaya hujifunza kwa gharama kubwa. Turubai likikunjwa na maji yake na kutupwa stoo, baada ya siku chache linanuka, linaota ukungu, na pale kwenye mikunjo linaanza kupasuka.

Ndivyo lilivyo paa la magari ya spoti ya wazi, yale ya viti viwili ambayo mwenyewe hukunja paa na kulilaza nyuma ya viti hali ya hewa inapokuwa nzuri. Injini ya gari la aina hiyo inaweza kudumu miaka 30 bila kumsumbua mtu. Lakini ile vinaili iliyo juu ya kichwa cha dereva, pamoja na njia za maji zilizo chini yake, ndizo zinazoamua kama gari litauzwa kwa bei ya gari au kwa kilo kama chuma chakavu.

Mfano ulio wazi zaidi ni Mazda MX-5, ambayo Wamarekani huiita Miata na ambayo huko kwao Japani iliuzwa kwanza kwa jina la Eunos Roadster. Ilioneshwa kwa mara ya kwanza katika maonesho ya magari ya Chicago, Februari 1989. Wakati huo magari madogo ya wazi ya Uingereza yalikuwa yamekwisha. MGB, lililokuwa na wapenzi wengi, liliacha kutengenezwa mwaka 1980. Magari yale yalipendwa, lakini yalivuja oili na umeme wake ulikuwa balaa tupu. Wajapani walichukua umbo na ladha ileile, wakaweka injini ya lita 1.6 isiyo na usumbufu, wakatoa gari lenye uzito usiofika tani moja. Marekani liliuzwa kuanzia dola 13,800.

Mwaka 2000 kitabu cha rekodi cha Guinness kililitambua kuwa gari la wazi la spoti la viti viwili lililouzwa kuliko jingine lolote duniani, baada ya magari 531,890 kutengenezwa. Aprili 2016 gari la milioni moja lilitoka kiwandani Hiroshima.

Wingi huo ndio unaolifanya liwe somo kwa mfanyabiashara. Gari likiwa la watu wachache, spea zake ni za kutafuta kwa tochi na ugonjwa wake haujulikani mpaka likulaze njiani. Likiwa la watu milioni moja, kila ubovu una jina, una bei na una fundi wake.

Paa linavyokufa

Matoleo ya kwanza yalikuwa na paa la vinaili lenye dirisha la nyuma la plastiki lililoshikwa kwa zipu. Utaratibu ni kufungua zipu kwanza, kulilaza dirisha, ndipo paa likunjwe. Mwenye haraka, au aliyelinunua gari jana, hukunja vyote kwa pamoja. Plastiki inabaki na mstari mahali ilipokunjika, na asubuhi moja yenye baridi inakatika hapohapo. Hata isipokunjwa vibaya, jua huigeuza rangi ikawa ya manjano na dereva asione vizuri nyuma. Toleo la pili, lililoanza kuuzwa mwaka 1998, liliwekewa dirisha la kioo, na kilio hicho kikapungua.

Vinaili nayo haipendi baridi. Inakakamaa, na kuikunja ikiwa hivyo ni kuichana. Wenye uzoefu huliacha gari lipate joto kwanza. Wapo wanaobadilisha na kuweka paa la kitambaa maalumu, ambalo hupunguza kelele za upepo na hudumu zaidi, ingawa bei yake ni ya juu. Kwa mtu anayekusudia kukaa na gari miaka mingi, kitambaa kinalipa. Kwa anayetaka kuliuza baada ya msimu mmoja, vinaili inatosha.

Kubadilisha paa si kazi ya ajabu. Vyuma vya kukunjia hubaki, ganda la juu tu ndilo hubadilishwa, na fundi aliyezoea huimaliza kwa siku moja. Kosa kubwa hufanyika upande wa nyuma. Huko ganda hubanwa kwa boliti na vipande vya chuma, na chini yake kuna mfereji mwembamba wa plastiki unaopokea maji ya mvua, kama mfereji wa paa la nyumba. Plastiki hiyo ikizeeka huwa ngumu na huvunjika fundi anapoibandua. Mwenye gari aliyekwisha kulipia paa jipya huona uchungu kuongeza fedha za mfereji, fundi anaurudisha ule uliovunjika, na mvua ya kwanza inanyesha mpaka ndani.

Usafi wake ni wa taratibu: maji, sabuni laini na brashi isiyokwaruza. Mashine ya kuoshea kwa presha haielekezwi kwenye mishono. Mipira inayozunguka madirisha hupakwa silikoni. Grisi ya kawaida huifanya mipira hiyo ivimbe na kulegea, hata kama siku mbili za mwanzo itang'aa.

Majani makavu

Sasa yaje yale matundu. Yapo mawili, moja kila upande, nyuma ya viti karibu na mahali mikanda ya usalama inapofungiwa. Maji yanayoshuka kutoka kwenye paa huingia katika mfereji, hupita kwenye matundu hayo na kumwagika chini ya gari. Gari likiegeshwa chini ya mti, majani, vumbi na ukungu huyaziba kidogo kidogo. Hakuna taa ya dashibodi inayowaka kumwambia dereva.

Maji yasipopata njia hutafuta nyingine. Hulowesha kapeti, kisha huingia katika zile kingo zilizo chini ya milango, ambazo kwa ndani ni tupu kama bomba. Huko hukaa. Chuma kinaoza kuanzia ndani kuja nje, huku rangi ya nje ikiendelea kung'aa na mwenye gari akiendelea kulipiga polishi. Siku kinapoonekana kilengelenge kidogo cha rangi mbele ya gurudumu la nyuma, chuma cha ndani kwa kawaida kimeshakwisha.

Uingereza ndiko maumivu haya yanakosikika zaidi. Barabara zake hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi ili barafu isigande, hivyo gari hushambuliwa kutoka chini na kutoka ndani kwa wakati mmoja. Gari lililofikisha umri wa miaka 3 hukaguliwa kila mwaka, na kutu iliyokula chuma ndani ya sentimita 30 kutoka sehemu nyeti, kama vile zilipofungiwa mikanda ya viti au vyuma vya magurudumu, hulinyima cheti. Kukata chuma kilichooza na kuchomelea kipya pande zote mbili kunaweza kugharimu zaidi ya thamani ya gari lote. Hapo ndipo magari mengi yenye injini nzima huishia kwa wauza spea.

Kinga yake ni kazi ya dakika chache. Mtu huchukua mrija mwembamba wa plastiki unaopinda, huupitisha taratibu ndani ya kila tundu, kisha humimina kikombe cha maji na kuchungulia chini ya gari kama yanatoka. Waya wenye ncha haufai, kwa kuwa unaweza kutoboa au kuchomoa bomba la ndani, na ugonjwa ukawa mbaya kuliko ule wa mwanzo.

Katika toleo la kwanza kuna mtego mwingine: betri iko kwenye buti. Iliyotoka kiwandani ni ya aina iliyofungwa, yenye vibomba vya kupeleka hewa yake nje. Wapo waliobana matumizi kwa kuweka betri ya kawaida ya maji, na asidi ikala sakafu ya buti.

Injini haina maneno mengi. Oili ibadilishwe kwa wakati, na mkanda wa taimingi kila kilomita 100,000. Katika matoleo ya mwanzo mkanda huo ukikatika injini huzimika tu bila kupinda valvu. Pampu ndogo ya klachi iliyo karibu na gia hupenda kuvuja, lakini ni spea ya bei nafuu.

Kiwanda nacho kikaona fedha

Mwaka 2017 Mazda ilitangaza kwamba ingeanza kuwafufulia wateja wa Japani magari yao ya toleo la kwanza, na kutengeneza upya spea zilizokuwa zimetoweka sokoni. Miongoni mwake yalikuwamo paa la vinaili kama lile la awali, usukani wa mbao wa Nardi, na matairi ya Bridgestone ya inchi 14 yenye mchoro wa zamani. Kampuni iliyozoea kuuza magari mapya ilitambua kuwa mtu aliyekaa na gari miaka 28 ni mteja asiyeuliza sana bei.

Kwa mwagizaji wa Afrika Mashariki, magari haya ya zamani si bidhaa ya kukimbilia. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Tanzania haina katazo hilo, lakini gari kuukuu hutozwa kodi ya ziada. Na kusema kweli, gari lililo karibu hivyo na ardhi halina safari kwenye barabara ya shamba, wala buti lake halipokei gunia la mahindi.

Hata hivyo, somo la kutu linamhusu kila anayeagiza gari lolote kutoka kwenye minada ya Japani. Nchini humo gari hukaguliwa kila baada ya miaka 2, na la petroli likipita miaka 13 kodi yake ya mwaka hupanda kwa takriban asilimia 15. Wengi huliuza kabla ya hapo. Mnadani hupewa karatasi yenye mchoro wa bodi na herufi: A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, S ni kutu, na C mara nyingi ni chuma kilichokwisha kuliwa. Daraja la R au RA humaanisha gari liliwahi kupata ajali na kukarabatiwa.

Karatasi hiyo husema yanayoonekana kwa nje. Kwa gari la wazi, mnunuzi makini huomba pia picha ya kapeti nyuma ya viti, ikiwa imefunuliwa. Likionekana doa la maji pale, huliacha gari hilo hata kama herufi zote ni nzuri.