KIKOHOZI KIKAVU KISICHOISHA: TUTAFUTE CHANZO CHAKE

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba, someni ukurasa huu pamoja.

Butembo iko juu, kupita metre 1,700, na baridi yake ya asubuhi tunaijua sote. Basi mtu akikohoa, jirani anasema: «Ni baridi tu.» Kule Beni, kwenye joto, watasema: «Ni vumbi la barabara.» Mara nyingi ni kweli, na mafua hupita yenyewe. Lakini kikohozi kikipita majuma mawili, kisiachwe tena bila kupimwa.

Kikohozi ni kengele, si ugonjwa wenyewe. Dawa ya maji inayouzwa sokoni hunyamazisha kengele, haizimi moto. Kwanza tujue moto uko wapi.

MASWALI YA MUUGUZI

Ukifika kwenye dispanseri tutakuuliza maswali mengi. Usichoke. Jibu moja laweza kutuonyesha njia.

1. Unakohoa saa gani? Ukikohoa usiku na kifua kinalia kama filimbi, tutafikiria pumu. Ukikohoa unapolala mara tu baada ya kushiba bugali, labda uchungu wa tumbo unapanda kooni. Ukipata nafuu siku za mapumziko, tutachunguza hewa ya kazini.

2. Kazini unavuta hewa gani? Mara nyingi dhahabu hukaa ndani ya mawe ya kwarsi. Tukitoboa au kuponda mawe hayo makavu, linatoka vumbi la silika. Vumbi unaloliona si baya kuliko yote. Chembe zisizoonekana ndizo zinazoshuka mpaka ndani ya mapafu na kuyatia makovu. Ugonjwa huo ni silikosi. Kwa kawaida huonekana baada ya miaka 10 au zaidi. Vumbi likiwa jingi sana, huja mapema. Hakuna dawa ya kufuta makovu hayo. Tena, mwenye silikosi hushikwa upesi zaidi na kifua kikuu.

3. Nyumbani mnapika wapi? Moshi wa kuni ndani ya chumba kilichofungwa humkohoza mama na mtoto mgongoni. Na anayechoma dhahabu yenye zebaki kwenye mbabula anajaza nyumba mvuke usioonekana wala kunuka. Mvuke huo huumiza mapafu, kisha hufanya mikono itetemeke. Kazi hiyo isifanyike kamwe jikoni.

4. Unakunywa dawa gani? Swali hili huwashangaza wengi. Chukua mfano: mtu anakohoa miezi mitatu, makohozi yake ni mazuri, picha ya kifua ni safi. Kumbe anakunywa dawa ya tansio. Dawa ambazo majina yao yanaishia na «pril», kama kaptopril na enalapril, huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu, mara nyingine miezi kadhaa baada ya kuanza. Usiiache dawa wewe mwenyewe, maana tansio ikipanda yaweza kukuangusha. Leta pakiti tuisome. Daktari ataibadilisha kwa nyingine, na kwa kawaida kikohozi kitaisha baada ya majuma machache.

5. Nani mwingine anakohoa? Una homa jioni, jasho usiku? Umekonda? Umetema damu? Hapo tunatafuta kifua kikuu, ambacho chaweza kuanza na kikohozi kikavu. Kijidudu chake kiligunduliwa na Robert Koch mwaka 1882, tena kinatibika. Kwa kawaida dawa ni za miezi sita, na katika nchi yetu hutolewa bure.

KUPIMA

Tutakuomba makohozi. Ukisema huna, jaribu asubuhi ukiamka: vuta pumzi ndefu mara kadhaa, kisha kohoa kwa nguvu kutoka chini ya kifua. Mate matupu hayafai. Wakati mwingine tutakutuma kwenye picha ya kifua, na tutakushauri upime virusi vya ukimwi, kwa sababu vinafungulia kifua kikuu mlango.

Wengine wanajificha. Tunakumbuka Ebola, kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020, namna watu wa Beni na Butembo walivyoogopa vituo vya afya. Wengine wanaogopa kuondolewa shimoni. Lakini mwenye kifua kikuu akijificha, anawagawia ugonjwa bibi, watoto na wenzake wa zamu. Mwenye silikosi akijificha, anaongeza kovu juu ya kovu.

KUJIKINGA

– Mwaga maji juu ya jiwe kabla ya kutoboa na kuponda. Mwaka 1930 madaktari wa nchi mbalimbali walikutana Johannesburg kwa ajili ya silikosi; hata leo maji bado ni kinga kubwa.
– Kitambaa usoni hakizuii chembe ndogo. Vaa maski ya vumbi, ikae sawa usoni.
– Usirudi na nguo za vumbi nyumbani. Mama asizikung'ute, aziloweshe.
– Fungua dirisha unapopika. Usilale na makala yanayowaka ndani: gesi yake huua bila harufu.
– Acha tumbako.

Mama, wewe ndiwe unayemsikia bwana usiku. Hesabu siku. Zikipita kumi na nne, mlete.

Pafu lililotiwa kovu halirudi. Njoo mapema!