Prosecco ya Waridi Ingoje Mbuzi, Si Keki

Katika kumbi za harusi za Ipagala, hapa Dodoma, chupa ya mapovu hufunguliwa keki inapokatwa. Kizibo kinaruka, vigelegele vinapigwa, wageni wanaonja na kukunja uso. Mvinyo hauna kosa. Ulimi uliokwisha kuonja sukari ya keki huhisi uchachu mtupu katika kinywaji kisicho na sukari nyingi. Chupa hiyohiyo ikisubiri chakula, wageni walewale wataomba kuongezewa.

Nazungumzia hasa Prosecco Rosé, mvinyo wa mapovu wa kaskazini-mashariki mwa Italia, ulioruhusiwa rasmi mwaka 2020. Ni mchanganyiko wa zabibu mbili. Glera, ambayo ni nyeupe, ndiyo msingi wake na huleta harufu ya tufaha na peasi. Pinot Nero, ambayo ni nyeusi, huingia kwa asilimia 10 hadi 15 tu, lakini huleta rangi ya waridi na ukakasi kidogo wa maganda. Ukakasi huo ndio unaoupa mvinyo huu ubavu wa kukaa meza moja na nyama.

Mapovu yake hayapulizwi kama ya soda. Mchuzi wa zabibu uliokwisha kuchachuka hutiwa sukari na hamira ndani ya tangi la chuma lililofungwa kabisa, ukachachuka mara ya pili. Gesi inakosa pa kutokea, inayeyukia humohumo. Kwa Rosé, kazi hiyo haipungui siku 60. Njia ya tangi ilibuniwa na Federico Martinotti wa Asti mwaka 1895.

Soma lebo kwa makini. Brut ina sukari chini ya gramu 12 kwa lita. Extra Dry, licha ya jina lake lenye maana ya “kavu zaidi”, ni tamu zaidi, gramu 12 hadi 17.

Sasa mezani. Mafuta ya mbuzi wa kuchoma huganda ulimini, na uchachu pamoja na gesi huyaondoa, kila tonge likaja kama la kwanza. Ndimu ya kachumbari haigombani na mvinyo huu. Kuku wa kukaanga, sambusa na chipsi vina chumvi na mafuta, basi chukua Brut. Pilipili ikizidi, chukua Extra Dry, kwa sababu sukari kidogo hutuliza mwasho. Hata mlenda wa karanga kwa ugali wa uwele unaupokea vizuri. Ule utelezi unahitaji kitu cha kuuchangamsha. Rosti nzito ya ng'ombe iachie mvinyo mwekundu wa Makutupora, hapahapa Dodoma.

Prosecco hii inywewe baridi, nyuzi 6 hadi 8. Kwa jua la Dodoma, zamisha chupa kwenye ndoo ya barafu iliyoongezwa maji, maana maji huigusa chupa pande zote na kuipoza haraka kuliko barafu peke yake.

Dodoma nayo ina zabibu zake, zilizoletwa na wamisionari wa Kiitaliano huko Bihawana mwaka 1957. Leo mashamba yetu yana Chenin Blanc, zabibu ileile inayotoa mvinyo wa mapovu wa Vouvray, Ufaransa. Joto hupunguza uchachu kadiri zabibu inavyoiva, hivyo ya mapovu ingevunwa mapema, kabla ya ile ya mvinyo wa kawaida. Kwa mkoa unaovuna mara mbili kwa mwaka, natamani sana kuona sehemu ya mavuno hayo ikiingia kwenye tangi lililofungwa.