Soma namba za pikapu kabla ya kununua spea

MSIMU wa korosho unapokaribia, wenye pikapu kuukuu Nanyamba huanza kuzipeleka gereji ili ziwe tayari kubeba magunia kutoka vijijini hadi maghala ya vyama vya msingi. Spea isiyo sahihi ikifika kutoka Mtwara mjini au Dar es Salaam, gari hulala juu ya mawe huku mizigo ikichukuliwa na wengine.

Kosa kubwa ni kumwambia muuzaji: "Nipe gasketi ya Hilux ya dizeli." Toyota Hilux za miaka ya 1980 na 1990 zilikuwa na injini za dizeli zinazofanana sura lakini zisizolingana vipimo. Injini ya 2L ina ujazo wa cc 2,446 na tundu la pistoni la milimita 92. Ile ya 3L ina cc 2,779 na tundu la milimita 96. Iliyofuata, 5L, ina cc 2,986 na tundu la milimita 99.5. Pistoni na ringi za moja haziingii kwenye nyingine.

Namba ziko wapi?

Fungua boneti, utafute kibati kilichobanwa kwenye ukuta unaotenganisha injini na dereva. Hapo kuna aina ya gari, injini na namba ya chesisi. Herufi LN, kama katika LN106, zina maana hii: L ni jamii ya injini ya dizeli, N ni ukoo wa Hilux. RN ni ya petroli, jamii ya R.

Lakini kibati hueleza injini iliyotoka nayo kiwandani. Gari la miaka 30 huenda limeshabadilishiwa injini. Kwa hiyo safisha bloku kwa mafuta ya taa na brashi ya waya, usome namba iliyogongwa pale. Ilinganishe na kadi ya gari. Zikipishana, muulize muuzaji kabla ya kutoa fedha, na mabadiliko yapelekwe TRA.

Namba ya spea

Spea halisi ya Toyota huwa na tarakimu kumi. Tano za mwanzo hutaja aina ya kifaa: 11101 ni silinda hedi. Tano za mwisho hutaja inakofungwa; kwa hedi za jamii ya L huanza na 54.

Gasketi ya hedi ya 3L nayo ina unene wa daraja tatu, B, D na F. B ndiyo nyembamba. Fundi hupima pistoni zinavyochomoza juu ya bloku, ndipo achague.

Andika namba zote kwenye daftari, na usitupe kifaa cha zamani kabla kipya hakijafungwa. Anayekwenda dukani na namba habahatishi.