Zebaki haiozi

Sisi wa Nanyala tunao majirani na ndugu wanaochimba dhahabu upande wa Saza na Mkwajuni, ambako kazi hiyo ni ya tangu miaka ya 1930. Je, shimo likiachwa, hatari imekwisha? Hapana.

Mawe husagwa kwenye karasha, kisha dhahabu hukamatwa kwa zebaki. Sehemu ya zebaki hubaki katika mchanga, yaani marudio. Haiozi, wala kuchemsha maji hakuiondoi. Hudhuru ubongo, figo na mtoto aliye tumboni. Huko Minamata, Japani, ugonjwa uliotokana na samaki wenye zebaki ulitambuliwa mwaka 1956.

Tufanye nini?

1. Tusipande mboga kwenye marudio, wala tusiwaache watoto wacheze hapo.

2. Marudio yafunikwe kwa udongo safi, zipandwe nyasi na miti isiyoliwa, ili mvua isiyapeleke mtoni. Mifugo isilishwe hapo.

3. Mizizi hushikilia udongo, haimalizi sumu. Kabla ya kulima, mwombeni afisa kilimo awaelekeze mahali pa kupimia udongo.

Mama mjamzito asikae karibu zebaki inapochomwa.